Tarishi Mzee, Lakiri Mpya
Mhadhara wa wazi kuhusu usimbaji fiche katika kompyuta zilizopitwa na wakati



Nimeombwa nizungumzie usalama wa mitandao. Naomba radhi mapema, maana nitazungumzia kompyuta moja tu.

Kompyuta hiyo ilikuwa katika maabara ya kupima damu ambayo jina lake nalihifadhi. Ilikuwa na Windows XP. Msicheke. Iliunganishwa na mashine ya vipimo kwa kadi ambayo mtengenezaji wake aliiandikia draiva ya Windows XP, kisha hakuandika nyingine. Kuitupa kompyuta kulimaanisha kuitupa mashine ya vipimo, na mashine ilikuwa nzima, nayo gharama yake ingenunua kompyuta za kujaza chumba. Kwa hiyo zilibaki pamoja kama wazee wawili wa ndoa ya zamani. Kila saa programu ya maabara ilituma majibu ya wagonjwa kwenye seva iliyo mbali. Asubuhi moja ya Julai 2018, ikagoma.

Fundi wa kwanza alibadilisha waya. Wa pili akabadilisha ruta. Mimi nilikuwa wa tatu, wala sikuwashinda kwa akili. Nilibahatika tu kuuliza swali ambalo mhadhara huu wote unalizunguka: kilichokatika ni njia, au ni mazungumzo?

Njia na mazungumzo

Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilitoa toleo la 4.2BSD la mfumo endeshi wa Unix, na ndani yake mlikuwa na soketi. Programu inaomba mfumo endeshi uifungulie njia, inataja anwani na namba ya poti, kisha inasukuma baiti upande huu zitokee upande wa pili. Windows ilipata namna yake miaka kumi baadaye, Winsock 1.1 ilipotolewa Januari 1993. Mpaka leo, iwe simu yako au kompyuta ya benki, chini kabisa ya mazungumzo ya mtandaoni kuna soketi.

Soketi ni tarishi mwaminifu. Anafikisha alichopewa, kwa mpangilio, bila kuruka ukurasa. Kasoro yake ni kwamba barua anazibeba wazi. Kila kituo anachopita, wenyeji wa hapo wanaweza kuzisoma, na mjanja anaweza kuongeza mstari wake.

Kampuni ya Netscape ndiyo iliyoanza kumpa tarishi huyu lakiri. SSL 2.0 ilitoka mwaka 1995, SSL 3.0 mwaka 1996, na Januari 1999 itifaki hiyo ikabadilishwa jina, ikawa TLS 1.0. Zikafuata TLS 1.1 mwaka 2006, TLS 1.2 mwaka 2008 na TLS 1.3 mwaka 2018. Kazi ya lakiri hii ni tatu: barua isisomwe njiani, isibadilishwe njiani, na ifike kwa yule uliyemkusudia. Ya tatu ndiyo mafundi huisahau, nami nitaungama baadaye.

Kabla ya barua ya kwanza kuna salamu. Mteja hutangulia: mimi najua matoleo kadhaa na njia kadhaa za kusimba. Seva huchagua, huonyesha cheti chake, na pande mbili huafikiana ufunguo wa siri. Wasipopata toleo wanalolijua wote, seva hufunga mlango, mara nyingi bila neno la maana.

Ndivyo ilivyokuwa maabarani. Soketi ilifunguka bila tatizo. Salamu ndizo zilizoshindikana. Sehemu ya Windows XP inayoshughulika na usimbaji, iitwayo Schannel, inaishia TLS 1.0. Kwa upande mwingine, wasimamizi wa viwango vya usalama wa kadi za malipo duniani walikuwa wameweka tarehe 30 Juni 2018 kuwa mwisho wa kutegemea SSL na TLS za mwanzo. Seva yetu haikuhusika na kadi, lakini mwenye kuiendesha alihudumia pia wenye kadi, na alipofunga TLS 1.0 alitufungia sote. Waya uliobadilishwa ulikuwa mzima. Ruta iliyobadilishwa ilikuwa nzima. Kompyuta yetu ilipiga hodi, ikafunguliwa, ikasalimu kwa lugha ambayo mwenyeji alikuwa ameapa kutoizungumza tena.

Kubeba mkalimani

Habari njema ni hii: tarishi hahitaji kuelewa lakiri. Soketi za Windows XP zinabeba baiti za TLS 1.2 sawasawa na zinavyobeba baiti za barua iliyo wazi. Kwa hiyo programu inaweza kuacha kumtegemea Schannel, ikaja na maktaba yake ya usimbaji.

Maktaba tuliyoichagua ni OpenSSL. Ilizaliwa kutoka kwa kazi iitwayo SSLeay, iliyoanzishwa na Eric Young na Tim Hudson wa Australia mwaka 1995; jina OpenSSL likaanza mwishoni mwa 1998. Ukiona katika kompyuta ya zamani faili iitwayo libeay32.dll, zile herufi tatu eay ni za jina la Eric A. Young. Mtu ametia sahihi yake katika mamilioni ya kompyuta, na wengi wanaoziwasha kila asubuhi hawajawahi kumsikia.

Tulichukua toleo la 1.0.2, tukaandika upya sehemu ya programu inayotuma. Hapo ndipo elimu ilipoanza.

Mitego ya mezani

Mafundi wengi, nami nikiwamo, huanza na dhana rahisi: palipoandikwa send ya soketi weka SSL_write ya maktaba, palipoandikwa recv weka SSL_read, kazi imekwisha. Programu hiyo itafanya kazi mezani kwako, kisha itakwama Jumatatu mbele ya mteja.

Mtego wa kwanza ni Windows yenyewe. Katika Unix soketi ni ndugu wa faili: husomwa na kufungwa kwa amri zilezile. Katika Windows undugu huo haupo. Winsock lazima iamshwe kwanza kwa amri WSAStartup. Usipoiamsha, ombi lako hurudi na kosa namba 10093. Soketi hufungwa kwa closesocket, na sababu ya kosa huulizwa kwa WSAGetLastError. Aliyenakili mfano ulioandikwa kwa ajili ya Linux atatafuta sababu mahali ambapo Windows haiiweki, naye ataishia kuilaumu maktaba ya watu.

Mtego wa pili ni mtamu kwa mwalimu na mchungu kwa mwanafunzi. Tunazoea kuuliza soketi kwa amri select: je, kuna kitu kimefika? Ikisema hapana, tunangoja. Lakini TLS haisafirishi baiti mojamoja. Inazifunga katika vifurushi, na kifurushi kimoja kinaweza kuwa na baiti 16,384 za ujumbe. Tuseme programu yako imeomba baiti 1,000. Maktaba inachukua kifurushi kizima kutoka kwenye soketi, inakifungua, inakupa 1,000 zako, na 15,384 zinabaki mfukoni mwake. Wewe unarudi kuiuliza soketi. Soketi inajibu kweli tupu: kwangu hakuna kitu. Unangoja. Seva nayo imekwisha kutuma yote, inangoja jibu lako. Mnatazamana hivyo mpaka mmoja achoke. Dawa yake ni kuuliza maktaba kwanza, kwa SSL_pending, kama mfukoni kumebaki kitu, ndipo uende kwa tarishi.

Mtego wa tatu: kuandika kunaweza kuhitaji kusoma. Katika soketi tupu anayetuma anatuma na anayepokea anapokea. Katika TLS, hadi 1.2, pande mbili zinaweza kulazimika kurudia salamu katikati ya barua, na wakati huo SSL_write itakujibu kwamba haiwezi kuendelea mpaka isome kwanza. Jibu hilo si kosa. Ni ombi la subira. Subiri soketi iwe na cha kusoma, kisha urudie amri ileile kwa ujumbe uleule. Fundi anayekata mawasiliano kila maktaba isiposema ndiyo mara moja atakuwa na programu inayokatika bila sababu inayojulikana, na atasema mtandao ni mbovu.

Unazungumza na nani?

Sasa maungamo niliyowaahidi. Mitego hiyo ilipokwisha, niliwasha ukaguzi wa cheti, programu ikanijibu kwamba cheti cha seva hakikubaliki. Saa ilikuwa imekaribia kumi na moja jioni, mkuu wa maabara amesimama nyuma ya kiti changu. Ipo amri moja ya kuiambia OpenSSL isikague cheti. Niliiandika. Majibu yakaenda. Nikapewa soda, nikashukuru, nikaondoka.

Ndani ya daladala ndipo nilipotambua nilichofanya. Nilikuwa nimetia lakiri kwenye bahasha, kisha nikamwambia tarishi amkabidhi yeyote atakayenyoosha mkono. Mtu akijiweka katikati ya njia na cheti cha kujitengenezea, programu yangu ingemsalimu kwa heshima zote na kumpa majibu ya wagonjwa, yamesimbwa vizuri, kwa ufunguo wa mwizi.

Sikuwa peke yangu katika dhambi hiyo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin na wa Stanford walichunguza programu zisizo vivinjari, zikiwamo za malipo, wakakuta nyingi zinasimba kwa nguvu zote bila kukagua sawasawa ni nani aliye upande wa pili. OpenSSL nayo haikuwa rafiki kwa mvivu: kwa upande wa mteja haikatai cheti chochote mpaka uiombe, na kabla ya toleo la 1.0.2 la Januari 2015 haikuwa na amri tayari ya kulinganisha jina lililo kwenye cheti na jina la seva unayoitafuta. Cheti halali cha mtu mwingine kilikuwa kinapita.

Kesho yake asubuhi nilirudi, nikanunua soda yangu mwenyewe, nikaanza upya.

Jambo la kwanza lilikuwa mizizi ya imani. Cheti hudhaminiwa na mdhamini, naye na mdhamini mkubwa zaidi, mpaka mzizi. Windows ina orodha yake ya mizizi, lakini OpenSSL ya wakati ule haikuisoma. Lazima uiandalie faili la mizizi, na kuanzia siku hiyo faili hilo ni mtoto wako.

Jambo la pili lilikuwa jina. Siku hizi anwani moja ya mtandao hukaa seva nyingi, kama nyumba ya kupanga yenye milango kumi kwenye ukumbi mmoja. Ukipiga hodi bila kusema unamtafuta nani, atatokea mpangaji yeyote. TLS ina nafasi ya kutaja jina ndani ya salamu za kwanza. Schannel ya Windows XP haiijui nafasi hiyo. OpenSSL inaijua, ila husubiri fundi aijaze. Tukaijaza, tukaongeza na ukaguzi wa jina kwenye cheti.

Jambo la tatu lilinifunza unyenyekevu. Baada ya yote hayo cheti kilikuwa bado kinakataliwa, mpaka nilipotazama pembe ya chini ya skrini. Kompyuta iliamini kwamba ni Januari 2002. Betri ya CR2032, ile ya mduara kama sarafu inayolinda saa umeme unapokatika, ilikuwa imekufa zamani. Wafanyakazi walizoea kurekebisha tarehe kila asubuhi, na siku iliyotangulia umeme ulikatika mchana. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa kompyuta iliyo mwaka 2002, cheti cha 2018 hakijazaliwa. Jana yake nilikuwa nimebomoa ulinzi wote kwa sababu ya betri ya dukani.

Siku mbili za Aprili

Ningeishia hapa mngetoka mkiamini kwamba dawa ya mfumo wa zamani ni kuubebesha maktaba mpya. Kwa hiyo niwasimulie siku mbili zilizokaa bega kwa bega.

Jumatatu tarehe 7 Aprili 2014 ulimwengu ulitangaziwa kasoro iliyopewa jina Heartbleed. OpenSSL ilikuwa na kipengele cha kuulizana hali: upande mmoja hutuma neno na kutaja urefu wake, upande wa pili hulirudisha. Maktaba haikuhakiki urefu uliotajwa. Ukituma neno fupi na kudai ni refu, ilikurudishia neno lako pamoja na chochote kilichokuwa jirani katika kumbukumbu, hadi kilobaiti 64 kwa kila swali: nywila, barua, pengine hata ufunguo wa siri wa seva. Kesho yake, Jumanne tarehe 8 Aprili 2014, Microsoft ilifunga huduma ya Windows XP, mfumo uliotoka Oktoba 2001.

Ziangalieni siku hizo kwa jicho la aliyekuwa na programu kwenye Windows XP. Kama alitegemea Schannel, Heartbleed haikumgusa. Alibaki na TLS 1.0 na mfumo uliofiwa. Kama alibeba OpenSSL ya zamani sana, 0.9.8 au 1.0.0, haikumgusa pia, kwa kuwa kasoro haikuwamo. Aliyeguswa ni mwenye bidii, aliyechukua 1.0.1 ili apate TLS 1.2. Toleo hilo la Machi 2012 ndilo lililoleta TLS 1.2, na ndilo lililoleta Heartbleed. Vilikuja katika faili moja.

Sisemi hivyo ili kuwatisha wenye bidii. Marekebisho, toleo la 1.0.1g, yalitoka siku ileile ya tangazo. Swali lilikuwa ni nani atayafikisha. Maktaba ya mfumo endeshi husasishwa na mwenye mfumo. Maktaba uliyoibeba mwenyewe hungoja wewe. Na katika kompyuta moja ya zamani mara nyingi utakuta libeay32.dll tatu au nne: moja kwenye folda ya mfumo, moja ya programu ya uhasibu, moja ya printa. Unasasisha moja, programu inaendelea kufungua nyingine. Ukipenda boga, penda na ua lake. Tatizo ni kwamba boga hili huchanua mahali usipopaona.

Wajibu huo wa kutunza unagusa hata namba za bahati nasibu. Ufunguo wa siri hutoka kwenye namba zisizotabirika. Mwaka 2006 waliokuwa wakiitayarisha OpenSSL kwa ajili ya mfumo wa Debian waliondoa mistari iliyoonekana kuwa haina kazi. Mpaka Mei 2008, funguo zilizotengenezwa kwenye mifumo hiyo ziliweza kukisiwa, kwa kuwa zilitoka kwenye machaguo elfu thelathini na kitu tu kwa kila aina. Lakiri ilionekana imara. Muhuri wake ulikuwa unauzwa sokoni.

Simu ya pili

Maabara ilifanya kazi miaka mitatu. OpenSSL 1.0.2 ilifikia mwisho wa huduma ya umma Desemba 2019. Nilijua, nikasema nitashughulika. Tarehe 30 Septemba 2021 simu ikaita. Seva ilikuwa ikitumia cheti cha Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, na siku hiyo mzizi wa zamani uliokuwa ukiwadhamini, DST Root CA X3, ulifikia tarehe yake ya kuisha. Faili letu lilikuwa na mzizi wao mpya pia. Haikusaidia: OpenSSL 1.0.2 ilifuata njia iliyoonyeshwa na seva mpaka kwenye mzizi uliokufa, ikakataa hapohapo, bila kugeuka kuona ule ulio hai. Dawa ilikuwa kuufuta mzizi uliokufa kwenye faili. Dakika tano za kazi, baada ya saa sita za majibu kutokwenda.

Safari hii sikupokea soda. Nilimwomba mkuu wa maabara anunue kompyuta ndogo yenye mfumo endeshi wa kisasa. Tuliiweka mezani kando ya ile ya Windows XP, tukaziunganisha kwa waya wa mita moja, na ya zamani tukaikatia njia nyingine zote. Sasa mzee anampa barua kijana aliye karibu naye, na kijana ndiye anayetia lakiri na kwenda mjini. Programu ya kijana husasishwa kama programu nyingine zozote. Mzee amebaki na kazi anayoiweza, kuhesabu seli za damu, wala hapokei tena mgeni yeyote kutoka mtandaoni.

Kwa hiyo rai yangu ni fupi. Inawezekana kabisa kuufanya mfumo wa zamani usimbe kwa lugha ya leo. Nimefanya, na nimewaonyesha mitego. Lakini siku unapobeba maktaba yako mwenyewe, umejitwika wajibu wa yule aliyeuacha mfumo. Kama huwezi kuubeba wajibu huo mwaka hadi mwaka, weka kijana mbele ya mzee.

Mafundi: mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni kila kompyuta mnayoihudumia, maktaba iliyomo, toleo lake, folda ilimo, tarehe ya mwisho wa huduma, na mizizi mliyoiweka inaisha lini. Na msizime ukaguzi wa cheti kabla ya kutazama saa.

Nanyi mnaotia sahihi za manunuzi ya hospitali, viwanda na ofisi: mashine ya vipimo huishi muda mrefu kuliko mfumo endeshi unaoiendesha. Kabla hamjalipa, mwulizeni muuzaji ni nani atakayeandika draiva mfumo huo ukifa, na jibu lake liandikwe kwenye mkataba. Akishindwa kujibu, mjue kwamba bei aliyowatajia bado haijakamilika.